Kwa nini injini za mashangingi hufa kabla ya wakati

Na Mwandishi Wetu

NI jambo la kawaida siku hizi, katika barabara za jiji la Dar es Salaam, kuliona gari aina ya Toyota Land Cruiser lenye umri wa miaka 20 au zaidi likiendeshwa na mtu ambaye si waziri, si mkurugenzi wala si mfanyabiashara mkubwa.

Magari hayo, ambayo Watanzania waliyabatiza jina la mashangingi, yalikuwa kwa miaka mingi alama ya vigogo na wafadhili. Leo yanamilikiwa na walimu wastaafu, wakulima, waongoza watalii na vijana wa mjini, ambao huyanunua kwenye minada ya taasisi au huyaagiza yakiwa yametumika kutoka Japani.

Bei ya kuyanunua hushuka kadiri umri wa gari unavyosogea. Gharama ya kuyatunza, hata hivyo, haishuki, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Mjomba wa mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Mwaka 2022, alipolipwa kiinua mgongo chake, alinunua mnadani Land Cruiser lenye injini ya dizeli aina ya 1HZ. Gari lilikuwa zima, ila aliliona zito kwenye milima. Fundi mmoja wa mtaani alimshauri alifunge tabo na kuifungua pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Kazi ilichukua siku mbili, na kwa muda wa miezi mitatu mzee alijisifu kwamba hakuna basi lililomwacha.

Safari ya nne ilikuwa ya kwenda Njombe harusini, akiwa na abiria saba na mizigo juu ya keria. Katikati ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, gari lilitoa moshi mzito, likapoteza nguvu, kisha injini ikazima. Ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikutwa zimepasuka na hedi ina ufa. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo iliishia hapo.

Kisa hicho si cha mtu mmoja. Mafundi wa gereji nyingi za Ilala na Gerezani hufungua injini za namna hiyo mara kwa mara, na mara nyingi chanzo hakiwi uzee wa gari. Chanzo ni joto, na joto hilo huletwa na mambo madogo ambayo mmiliki angeweza kuyazuia.

Injini imara, lakini si ya kila kazi

Toyota ilianza kutumia jina la Land Cruiser mwaka 1954, na kufikia mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuuza zaidi ya magari milioni 10 ya familia hiyo duniani. Yanayoonekana zaidi mikononi mwa watu wa kawaida hapa nchini ni ya matoleo ya 80, yaliyoanza mwaka 1990, na ya 100 na 105, yaliyoanza mwaka 1998. Toleo la 200 lilifuata mwaka 2007 na lile la 300 mwaka 2021.

Sifa ya uimara ya magari hayo imejengwa juu ya injini zake za dizeli za silinda sita. Mbili kati ya hizo zinahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu hufanana kwa sura ilhali hazifanani kwa tabia.

Ya kwanza ni 1HZ. Ina ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, na hutoa nguvu ya farasi takriban 130. Ya pili ni 1HD, ambayo ina ukubwa uleule, kipenyo cha silinda kilekile na mwendo uleule wa pistoni, lakini ilitoka kiwandani ikiwa na tabo. Aina yake ya mwisho, 1HD-FTE, yenye vali 24 na pampu inayoongozwa na kompyuta, hutoa nguvu ya farasi takriban 200.

Mtu akisikia hivyo huona kuwa tofauti ya injini hizo mbili ni tabo tu, na kwamba akiifunga kwenye 1HZ atapata 1HD kwa bei nafuu. Fikra hiyo ndiyo iliyomponza mzee wetu.

Ukweli ni kwamba watengenezaji walipoiunda 1HD walibadilisha mambo mengi ya ndani. Kiwango cha mgandamizo wa hewa kilishushwa kutoka zaidi ya 22 kwa moja hadi chini ya 19 kwa moja. Chini ya kila pistoni kiliwekwa kijitundu kinachorusha oili ili kuipoza. Aidha, dizeli ya 1HD huchomwa moja kwa moja juu ya pistoni, wakati ile ya 1HZ huanza kuwaka katika kijichumba kidogo ndani ya hedi, na moto hutoka humo kwa kasi na kupiga sehemu moja ya pistoni.

Ukiongeza hewa na dizeli katika injini isiyo na kijitundu cha kupozea, sehemu hiyo inayopigwa na moto hupata joto kuliko uwezo wake. Pistoni hutengenezwa kwa alumini, madini ambayo huyeyuka kwa nyuzijoto takriban 660, na moshi wa dizeli unaotoka kwenye injini iliyolemewa mlimani unaweza kufika huko.

Hii haina maana kwamba 1HZ haiwezi kabisa kufungwa tabo. Nchini Australia, ambako magari haya ni mengi, kazi hiyo hufanywa kwa miaka mingi. Lakini tabo hurekebishwa isukume hewa kwa kiasi kidogo, pampu hupimwa kwenye mashine maalumu, na dereva hufungiwa geji inayoonyesha joto la moshi ili aondoe mguu kabla mambo hayajaharibika. Anayefunga tabo bila geji hiyo huendesha bila kujua kinachotokea ndani ya injini yake.

Themostati si adui

Sehemu ya pili ya tatizo ni mfumo wa maji. Katika gereji nyingi za mitaani ni desturi fundi kuitoa themostati na kuitupa, akimweleza mteja kuwa kifaa hicho ni cha nchi za baridi.

Themostati ni vali inayofunguka na kufunga kwa joto. Injini ikiwa ya baridi huzuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate joto haraka. Joto likifika kati ya nyuzi 76 na 88, kutegemea aina, hufunguka na kuyaruhusu maji yakapoe.

Ikiondolewa, injini huchelewa kupata joto. Dizeli haiungui vizuri, oili huchafuka mapema na ulaji wa mafuta huongezeka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa katika injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Bila themostati, njia hiyo hubaki wazi wakati wote. Hivyo gari linaweza kwenda vizuri mjini, kisha likachemsha mlimani, wakati ambapo kila tone la maji linahitajika kwenye rejeta.

Maji yenyewe ni suala jingine. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vya maeneo ya karibu na bahari, hutoa maji ya chumvi. Maji hayo yakitumiwa kwenye rejeta hula vyuma na kuacha ukoko unaoziba vijitundu. Dawa ya rejeta inayouzwa madukani haiwekwi ili maji yasigande tu. Kazi yake kubwa katika nchi kama yetu ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha joto ambacho maji huchemka.

Feni nayo huangaliwa. Katika injini hizi feni haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Imeunganishwa kwa kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni, ambacho huikaza feni injini inapopata joto na kuilegeza inapopoa. Mafuta hayo yakipungua, feni huzunguka kivivu hata gari linapochemsha. Baadhi ya mafundi huichomelea ishikane moja kwa moja. Upepo hupatikana, lakini feni huilemea injini muda wote, hata pale isipohitajika.

Dereva anapaswa pia kujua kwamba geji ya joto kwenye dashibodi ya magari haya imetengenezwa ili mshale ukae katikati kwa kipindi kirefu, hata joto likipanda na kushuka kidogo. Mshale ukianza kupanda, injini imekwisha kupata joto kali. Huo si wakati wa kumalizia kilima kwanza. Ni wakati wa kuegesha, kuiacha injini ipoe, na kamwe kutofungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Dizeli, oili na mkanda

Pampu ya dizeli ya 1HZ haina oili yake yenyewe. Vyuma vyake vya ndani hulainishwa na dizeli inayopita humo. Ndiyo maana mafuta ya taa, ambayo ni mepesi, huiua pampu na nozeli hata kama gari linaendelea kuwaka vizuri kwa muda.

Wasomaji wanakumbuka jinsi uchakachuaji wa mafuta ulivyokithiri nchini miaka ya nyuma. Mwaka 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji. Gari la mtumba lililoishi nchini kipindi hicho laweza kuwa bado na pampu iliyoumia wakati ule.

Mmiliki anashauriwa kununua dizeli katika vituo vyenye wateja wengi, kubadili filta kwa wakati, na kuyamwaga maji yanayojikusanya chini ya filta kila taa yake inapowaka. Dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara iwe ni ya dharura ya kweli.

Oili ya injini hizi ni karibu lita 10, kiasi kinachozidi mara mbili ya kile cha gari dogo. Kwa sababu ya gharama hiyo, wengine huongeza oili mpya juu ya ile chafu, au hurefusha muda. Kwa injini ya dizeli yenye tabo inayotembea kwenye vumbi na foleni, kilomita 5,000 ni kiwango kizuri cha kubadilisha oili pamoja na filta yake. Tabo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu, hiyo ndiyo huumia kwanza. Baada ya safari ndefu au mlima, injini iachwe iungurume kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iipoze tabo.

Kwa wenye injini za 1HD-T za miaka ya mwanzo ya 1990, kuna onyo la ziada. Beringi za koni rodi za injini hizo zinajulikana kwa kuisha mapema, na zikiachwa, injini hunoki. Kuzikagua na kuzibadilisha kunaweza kufanywa kwa kushusha sampo tu, bila kuitoa injini kwenye gari. Ni kazi ndogo ikilinganishwa na kununua krankishafti.

Kipengele kingine ni mkanda wa taimingi. Injini za 1HZ na 1HD hutumia mkanda wa mpira, si mnyororo. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi kila baada ya kilomita 100,000. Taa hiyo huhesabu kilomita tu. Haijui hali ya mkanda, na fundi anaweza kuizima bila kubadili chochote. Mnunuzi atafute ndani ya boneti karatasi ndogo ambayo gereji za Japani hubandika, yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Asipoiona, achukulie kuwa haukubadilishwa, naye aubadilishe.

Giaboksi ya otomatiki

Mashangingi mengi yanayotoka Japani yana giaboksi ya otomatiki, na hapa makosa hugharimu zaidi, kwani mafundi wanaoweza kuifungua na kuirudisha sawasawa ni wachache.

Katika giaboksi hiyo hakuna klachi ya mguu. Nguvu ya injini hupita kwenye kifaa kiitwacho tokikonveta, ambacho kazi yake yafanana na feni mbili zinazotazamana: moja ikizungushwa, upepo wake huizungusha ya pili. Tofauti ni kuwa badala ya upepo, humo mna mafuta. Mafuta hayohayo ndiyo yanayobana na kuachia klachi ndogo za ndani, yanayolainisha gia na yanayobeba joto kulipeleka kupozwa.

Gari likipanda mlima polepole likiwa na mzigo, feni hizo mbili hupishana sana kasi, na mafuta hupata moto. Ndiyo maana dereva hutakiwa kubonyeza kitufe cha O/D ili gia ya juu kabisa isiingie, au kushusha mkono wa gia mwenyewe. Kuiacha giaboksi ihangaike kati ya gia mbili kutoka chini hadi juu ya mlima ni kuipika.

Kwa kuwa katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa kwenye bomba lililopita ndani ya rejeta, rejeta mbovu huua vitu viwili kwa pamoja. Bomba hilo likitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na kuyageuza mafuta kuwa rojo la rangi ya waridi iliyopauka, na klachi za ndani huanza kubanduka. Ukiona rangi hiyo, gari lisisogezwe hata mita moja kwa nguvu zake.

Aina ya mafuta nayo si ya kubahatisha. Giaboksi za zamani za Toyota hutumia Dexron II au III. Zilizofuata hutumia T-IV, na za karibuni hutumia WS. Mara nyingi jina limechorwa kwenye kijiti cha kupimia chenyewe. Kumimina mafuta yoyote kwa sababu tu yana rangi nyekundu ni chanzo cha giaboksi kuteleza au kugonga inapobadili gia.

Upimaji hufanywa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa ya moto na ikiunguruma, baada ya mkono wa gia kupitishwa katika nafasi zote na kurudishwa P. Mafuta mazima ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia yenye harufu ya kuungua, klachi zimekwisha kuumia. Matoleo yasiyo na kijiti hupimwa kwa tundu la pembeni katika joto maalumu, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kifaa cha kusoma joto hilo.

Kama mafuta yamekaa muda mrefu bila kubadilishwa, si busara kuyasukuma yote kwa shinikizo siku moja. Ukifungua nati ya chini, hutoka sehemu tu, kwani mengine hubaki kwenye tokikonveta. Njia ya upole ni kumwaga na kujaza kiasi kilekile, kutembea siku kadhaa, kisha kurudia mara mbili au tatu.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi aombe kuliona gari likiwa la baridi. Muuzaji anayeliwasha mapema kabla hujafika huenda ana sababu. Injini ikiwashwa, tazama moshi: mweusi una maana dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha injini ikipata joto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda au nozeli mbovu.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Ikiwa inapumua kwa nguvu, ringi zimechoka. Kisha ulipie kupima mgandamizo wa silinda zote sita. Zikitofautiana sana, usikubali maelezo ya mdomo. Katika gari la otomatiki, ingiza D na R ukiwa umekanyaga breki. Gia ikichelewa kushika au ikigonga, ujue bei uliyotajiwa si bei yenyewe.

Baada ya kununua, tenga fedha za kubadili oili zote, filta zote, mkanda, themostati na mipira ya maji kabla ya kufikiria rimu mpya au kuongeza nguvu. Anayeitaka nguvu ya 1HD, ni nafuu kwake kutafuta gari lililozaliwa nayo.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mjomba wetu alinunua injini nyingine ya 1HZ iliyotumika, akairudisha themostati, akaweka dawa ya rejeta na kuiuza ile tabo. Tangu mwaka 2023 amepanda Kitonga mara kadhaa akiwa nyuma ya malori, kwa gia ya pili, na mabasi yakimpita. Kila mara amefika Njombe.